Bibi Alikuwa na Majina Matatu: Kuwakumbuka Wakulima wa Newala na Masasi

Bibi yetu mzaa mama alipofariki, tulikwama kwenye kitu kidogo kabisa: kibao cha kaburi. Fundi alishachanganya saruji, kashika msumari, anasubiri tu atajiwe jina alichore kabla haijakauka. Sisi wajukuu tuliotoka Dar tulimjua kwa jina moja, "Bibi Newala". Kadi yake ya kliniki ilikuwa na jina jingine. Basi ikabidi tumfuate babu, mdogo wake bibi, alikokaa kwenye mkeka chini ya mkorosho.

"Shikamoo babu. Tuandike jina gani?"

"Marahaba wajukuu zangu. Mnamtaka yupi?"

Tukadhani mzee kachanganyikiwa na msiba. Kumbe wala. Akatueleza taratibu kwamba dada yake alizaliwa na jina moja, akatoka unyagoni na jina la pili, na la tatu aliandikiwa na karani siku walipohamishiwa kijiji kipya. Hilo la karani ndilo lililokuwa kwenye makaratasi yote. Fundi alikuwa na haraka, tukaandika hilo.

Toka siku ile jambo hilo halijaniacha. Nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za Kusini, na kila nikifungua kitabu nakutana na watu wakubwa tu: maaskofu, Wazungu wa makumbusho, mawaziri, marais. Watu kama bibi wamo humo humo, ila wanaitwa "wenyeji", "wanawake" au "wapagazi". Leo naomba tuwazungumzie hao.

Kwa nini wakae juu kusiko na maji?

Kama hujawahi kufika Newala, picha iko hivi. Unapanda hadi juu ya uwanda mpana wa udongo wa kichanga, mikorosho kushoto, mikorosho kulia. Ukifika ukingoni, pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa unaona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Ukienda siku hizi hukosi vijana wanaopiga picha.

Sasa jiulize: huku juu maji yanatoka wapi? Jibu ni kwamba hayatoki. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza yote. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni.

Wamakonde walijua hilo vizuri tu. Lakini karne ya 19 ilikuwa na hatari kubwa kuliko kiu. Misafara ya watumwa ilikuwa ikitoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda pwani, Kilwa na bandari nyingine za kusini, na huko bondeni ukikaa karibu na njia na mto unaonekana. Juu ya uwanda kulikuwa na vichaka vizito, vijia vyembamba anavyovijua mwenyeji pekee, na nyumba zilizofichwa ndani kabisa. Wakachagua kuishi na kiu kuliko kuishi na pingu.

Na kiu hiyo waliolipa zaidi ni wanawake. Bibi alikuwa akituhadithia: mnaamka jogoo wa kwanza, kata kichwani, mtungi juu ya kata, mnateremka kundi zima na giza. Kupanda na mtungi uliojaa ndiyo ilikuwa shughuli. Mnafika nyumbani jua limeshakuwa kali, na shamba bado linakungoja. Maji yalikuwa na foleni: yakishaosha muhogo yanawia mikono, yakishanawia mikono yanakwenda kwa kuku au kwenye mche. Ndiyo maana alipokuja Dar akaona mtu anapiga mswaki na bomba limefunguliwa, alitoka nje. Hakuweza kutazama.

Mwaka 1906 alifika Masasi na Newala mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, kutoka makumbusho ya Leipzig. Naye alishangazwa na hili la watu kujenga mbali na maji. Alikuja na kamera na mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta, mizigo yote ikibebwa na wapagazi. Alikusanya vinyago, zana na nyimbo, akarudi kwao, na mwaka 1908 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Masultani na majumbe utawakuta humo kwa majina. Yule dada aliyeteremka bondeni alfajiri ili mgeni apate maji ya kuoga, huyo usimtafute.

Bomba lilikuja baadaye sana. Ni miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza, kwa kuvuta maji kutoka bondeni na kuyapandisha juu kwa mashine. Bibi alikuwa ameshaota sugu kichwani.

Masasi ya waliorudi

Ukishuka upande wa magharibi unafika Masasi, mji wa majabali makubwa yaliyosimama kama yamemwagwa tu pale. Hapa wamechanganyika Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera na wengine. Kuna kundi moja ambalo hadithi yake inanigusa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na msafara wa watumwa walioachwa huru. Wengi wao walikuwa wametekwa upande wa Nyasa, na nia ilikuwa kuwafikisha karibu na kwao. Walipofika Masasi wakakuta ardhi nzuri na maji, wakasema hapa panatosha. Wakajenga, wakalima.

Fikiria hao watu. Mtu alitekwa mtoto, akatembezwa hadi pwani, akavushwa bahari, akaachwa huru, halafu akarudi bara kwa miguu kuanza maisha na majirani asiowajua. Na hawakupewa hata muda wa kupumzika. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Wamagwangwara, waliishambulia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu pata picha ya mtu kutekwa mara ya pili katika maisha yake. Misheni ikahamia Newala kwa miaka kadhaa. Waliporudi na kujenga upya, vita vya Majimaji vya 1905 vikaichoma tena.

Steere tunamkumbuka, hata kwa kazi yake ya kuandika Kiswahili. Tunamkumbuka Askofu Vincent Lucas, aliyekubali jando na unyago vifanyike kwa namna ya Kikristo, na Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960. Rais Benjamin Mkapa amelala kijijini kwake Lupaso, kaburi lake linajulikana. Lakini waliofyeka pori upya baada ya kila moto, makaburi yao yako wapi? Nimeuliza pale mjini. Mzee mmoja alinijibu, "Unayakanyaga, mwanangu."

Mti uliotoka mbali

Sasa tuje kwenye korosho, hizi unazouziwa kwenye foleni ya magari. Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Msumbiji karne ya 16, na pole pole ukasambaa. Wakulima wa Kusini waliugundua utamu wake: unavumilia udongo wa mchanga, hauhitaji umwagiliaji, na ukishakomaa unazaa miaka mingi. Kwa watu wasio na maji, huo ulikuwa mti wa kuja kuoa.

Hakuna aliyewalazimisha kuufanya maisha. Mtu alifyeka kishamba cha mtama na muhogo, akapanda mikorosho katikati, muhogo ukiisha mikorosho inabaki. Ukawa benki. Ada ya shule, bati la nyumba, sherehe ya jando, vyote vilitoka juu ya mti. Msimu ukifika kijiji kizima kinanuka mabibo. Ndiyo, mabibo, lile tunda lenyewe. Wewe unayeshukia kituo cha Mabibo kila siku, hilo ni jina la tunda la mkorosho. Watoto wanakula hadi midomo inakakamaa, wakubwa wanakamua uraka, wengine wanapika nipa, na jioni ngoma inalia.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Tani hizo ziliokotwa moja moja, kwa mkono, chini ya mti, na watu walioinama kutwa nzima.

Na kumbuka hiyo yote ilikuwa karibu na vita. Kuanzia 1964 FRELIMO ilipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, na maelfu ya wakimbizi walivuka mto. Wengi walikuwa Wamakonde, ndugu wa lugha moja. Watu wa upande huu waliwagawia muhogo na mahali pa kulima.

Siku ya karani

Halafu ikaja kuhama. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji ni lazima kwa wote, na kazi ikamilike kabla 1976 haijaisha. Nia ilielezwa wazi: shule, zahanati na maji ni rahisi kuwafikia watu wakiwa pamoja. Hilo mimi silikatai, mama yangu alisoma kwenye shule hiyo ya kijiji.

Ila mkorosho hauhamishiki. Watu waliosambaa mashambani waliambiwa wasogee barabarani, na miti ikabaki kule nyuma, kwa wengine mwendo wa saa nzima na zaidi. Siku ya kuandikishwa, karani alikaa mezani na daftari. Akamuuliza bibi jina. Bibi akataja la unyagoni. Karani hakulisikia vizuri, au hakulipenda, akaandika la kwake. Ndivyo babu alivyotusimulia, na alicheka aliposema, lakini macho hayakucheka.

Kilichofuata kwenye mashamba hakikuwa cha kuchekesha. Palizi ikasimama, majani yakapanda hadi shingoni mwa miti, moto wa kiangazi ukapita. Bei aliyolipwa mkulima ikazidi kudhoofu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Ukaja na ugonjwa wa ubwiri unga, unaopiga maua yakakauka kabla ya kuzaa. Wakati huo huo viwanda vya kubangua vilikuwa vikijengwa, Newala na Masasi zikiwemo, na korosho za kubangua hakuna. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kama tani 16,500 tu. Toka 145,000!

Na mjini tukasema nini? Tukasema watu wa Kusini wavivu. Vijana wao waliokuja Dar kuuza bidhaa mkononi tukawaita machinga, jina la kabila la Lindi, hadi likawa jina la kazi ya nchi nzima. Wachache waliuliza ni nini kilichowatoa kwao.

Mahame

Mikorosho ilirudi, na haikurudi yenyewe. Miaka ya 1990 wakulima walianza kupulizia salfa kwa wingi, kutokana na kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara. Familia zikarudi kwenye mahame, yaani pale walipoishi zamani, zikafyeka na kuikuta miti ya wazee bado imesimama. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulipita tani 300,000. Mwaka uliofuata bei ikaleta mgogoro, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe. Timu za uhakiki zikapita kumtofautisha mwenye shamba na mfanyabiashara wa kangomba.

Hapo ndipo yale majina yalipokuja kuwa na kazi. Kwenye mahame hakuna hati. Mpaka unajulikana kwa maneno: kuanzia mkorosho wa fulani hadi mkorosho wa binti fulani. Na fulani huyo anatajwa kwa jina la unyagoni au jandoni, lile lisiloandikwa popote. Mzee akifa bila kusimulia, linakwenda jina, linakwenda na shamba. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu hakuna aliyebaki wa kusema nani alipanda mti upi.

Sisi tulibahatika kuwa na babu. Wiki moja baada ya msiba alitupeleka kwa miguu hadi mahame ya bibi. Hakuna nyumba, kuna kipande cha jiwe la kusagia tu. Akagusa mkorosho mmoja mnene, matawi yamelala hadi chini, akasema, "Huu aliupanda mwaka aliotoka unyagoni." Kisha akalitaja lile jina lake. Mama alirudia kimya kimya, kama anajifunza kusoma. Nikatoa simu nikamwomba babu alitaje tena, nirekodi.

Weule alihitaji wapagazi kubeba mashine yake ya sauti hadi Newala. Wewe yako iko mfukoni. Msimu huu ukienda kwenu, iwe Newala, Masasi au popote pale, kabla hujapiga picha ya Shimo la Mungu kaa chini ya mti na mzee, umuulize ana majina mangapi.

Kibao cha bibi tumeshakibadilisha. Sasa kina majina yote matatu, na la karani tumeliweka mwisho.