Saa ya Mkononi na Jua la Mpanda

Leo twapenda kuzungumza habari ya chombo kidogo ambacho wengi hukivaa na wachache hukichunguza: saa.

Hapo kale Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walipima siku kwa jua na kivuli. Jua likichomoza, siku imeanza. Kivuli kikifupika, ni adhuhuri. Kisha ikaja kazi isiyongoja kivuli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua mpaka Mpanda, mwendo wa kilomita 210 hivi, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na desturi ya kutazama saa ikabaki nayo.

Ndani ya saa ya kutia ufunguo mna kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa. Ukikunjuka huyasukuma magurudumu madogo, na gurudumu moja liendalo huku na huku huyazuia yasiende mbio. Kazi yake ni kuhesabu mapigo tu; jua halijui.

Kiasi cha mapigo ni wanadamu waliokipatana. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, Marekani, wakakubali hesabu ianzie Greenwich, Uingereza. Jua huvuka digrii moja ya dunia kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki leo hufuata digrii ya 45, mstari upitao karibu na Mogadishu. Mpanda iko digrii ya 31. Tofauti ni digrii 14, nazo mara 4 ni dakika 56.

Basi saa ikionyesha sita kamili za mchana, jua la Mpanda bado halijafika juu kabisa. Hufika karibu na saa saba, likizidi au kupunguka kidogo kwa majira. Dar es Salaam hutangulia kwa nusu saa hivi. Na saa moja ya asubuhi, ambayo kwa hesabu yetu ya Kiswahili yapasa kuwa saa ya kwanza baada ya mapambazuko, kule Mpanda ndiyo kwanza jua linachomoza.

Hapa ndipo hukumu mbaya huingia. Mtoto akaaye mbali na shule akiondoka jua linapochomoza, kengele humtangulia. Je, tumwite mvivu? La, hasha. Ameamka na jua kama babu zake; kipimo ndicho kilichotoka mbali.

Baiskeli nayo yatufundisha hayo. Mwaka 1895 Curtis Veeder wa Marekani alitengeneza kihesabu mwendo: kijiti katika spoki hugonga gurudumu dogo kila mzunguko. Cha siku hizi hutumia sumaku na umeme, lakini nacho huhesabu mizunguko. Ukikipa kipimo cha gurudumu kubwa kuliko lako, kitakuongezea maili usizozikanyaga, wala hakitaona haya.

Basi, ndugu zetu, ifuateni saa, kwa kuwa garimoshi halimngoji mtu. Lakini ninyi mlio walimu na wasimamizi, kabla ya kumhukumu mchelewaji, tokeni nje kwanza mkatazame jua.