Mbung'o na Majina ya Miti

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaosoma kitabu hiki, huenda mkastaajabu kuambiwa kwamba elimu ya miti ya Usukuma ilisukumwa mbele na inzi. Inzi huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, naye ndiye aenezaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Watu wakapatwa na njaa, wakahama. Palipokosa mifugo na shoka, vichaka viliota juu ya mashamba ya zamani, na mbung'o akafuata kivuli chake. Mwaka 1922 malale yakazuka mashariki ya Mwanza, katika nchi ya Maswa, ambayo siku zile Bariadi ilikuwa ndani yake. Bwana Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyama wa pori ya Tanganyika, alikwenda kuchungua, na mwaka 1923 habari alizoandika zikapigwa chapa. Mbung'o wa nyika kavu ya miiba, kama ile ya Maswa, wataalamu wakamwita kwa jina lake: Glossina swynnertoni.

Swynnerton hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kupenda ndege, wadudu na miti, aliyekwisha kulima miaka mingi katika Rhodesia ya Kusini. Yeye alitambua jambo ambalo wachungaji walilijua kwa macho yao, yaani mbung'o hakai kila mahali. Basi akataka mtu wa kuyajua mapori hayo mti kwa mti, naye akampata kijana Mwingereza, Bernard Dearman Burtt.

Makao ya kazi yao yakawa Shinyanga. Burtt alizunguka nchi miaka zaidi ya kumi. Kazi ya mtaalamu wa mimea yaonekana kama mchezo kwa asiyeijua: hukata kitawi chenye majani, na maua au matunda yake, akakibana kati ya karatasi mpaka kikauke, kisha akaandika mahali, tarehe, udongo, kimo cha mti, na jina waliloliita wenyeji. Vitawi vya Burtt vilipelekwa hata Kew, karibu na London, vikalinganishwa na vingine vya Afrika nzima. Mimea iliyokuwa haijapata kuandikwa popote ikaonekana humo, na mingine imepewa jina lake, kama Baphia burttii, kichaka cha pori zito la Itigi.

Lakini majina yafaa nini mbele ya inzi? Sikilizeni. Mbung'o wa Swynnerton hukaa katika migunga na miti mingine ya miiba. Mwingine, Glossina morsitans, hupenda miombo. Wa tatu, Glossina pallidipes, hujificha katika vichaka vilivyosongamana. Wakati wa kiangazi majani hupukutika, jua huunguza, na mbung'o hana budi kutafuta mahali pachache penye kivuli. Huko ndiko jike aangushako buu lake, moja moja, nalo hujichimbia udongoni. Ajuaye ni miti ipi itoayo kivuli hicho, na yaota wapi, aweza kukata sehemu ndogo tu ya pori na mbung'o akatoweka. Njia hiyo ya kukata kwa kuchagua ilijaribiwa na watu wa Shinyanga, nayo isingewezekana bila mtu wa kuitambua miti.

Wasukuma nao walikuwa na elimu yao. Waligawa ardhi kwa udongo: luseni, mchanga wa juu; itogolo, ya katikati; na mbuga, udongo mweusi wa bondeni upasukao wakati wa jua. Kila udongo una miti yake. Mtu aliyezaliwa Bariadi hahitaji ramani kujua hayo. Nasikitika kwamba wengi walioongoza wataalamu porini hawakuandikwa majina.

Hata hivyo, kukata kwa kuchagua kwataka subira, na watu walitaka malisho upesi. Maelfu waliitwa na watemi wao, wakafyeka pori lote, mwaka baada ya mwaka. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa. Lakini kuni zikawa mbali, na upepo ukachukua udongo. Ndipo desturi ya ngitili, malisho yafungwayo wakati wa mvua ili yafae kiangazi, ilipopata thamani mpya. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo mpaka Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ulijengwa juu ya desturi hiyo.

Burtt hakuyaona hayo. Mwezi wa Juni 1938 yeye na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege. Kitabu chake cha kuitambulia miti ya nyika kilitoka mwaka 1939, na maelezo yake ya mapori mwaka 1942. Mwaka 1952 wataalamu walianza kuitoa kwa vitabu habari ya mimea yote ya Tanganyika, Kenya na Uganda. Kazi ikamalizika mwaka 2012, mimea kama aina 12,000, na vitawi vya Burtt vilikuwa miongoni mwa vile walivyovitumia.