Kinanda cha Kwenye Buti

Konda aliniambia nilipie kinanda kiti. Tulikuwa tunaenda Nakuru kupiga harusi, na kinanda changu cha vitufe 61 kilikuwa kimepita magoti yangu pande zote mbili, kinadunga abiria mbavu. Nikalipa. Kufika huko, stima ikapotea saa nane mchana, na kile kinanda nilichokilipia nauli kikalala mezani kama ubao hadi keki ikakatwa.

Wiki hiyo nikaanza kutafuta sintesaiza ndogo. Nilikuwa na malipo ya makala tatu tu, na nikikosea sina zingine. Tangu niache chuo, sina uso wa kuomba mtu nyumbani pesa. Basi kabla ya bei, nikasoma historia.

Mwanzoni sintesaiza haikuwa ya msafiri hata kidogo. Zile za Robert Moog za miaka ya 60 zilikuwa makabati yenye nyaya: unachomoa hapa, unachomeka pale, ndipo sauti ibadilike. Mwaka wa 1970 ikaja Minimoog, vitufe 44, nyaya zimefichwa ndani, mtu mmoja anaibeba. Lakini ilitoa noti moja tu kwa wakati, na bila stima na spika ya nje ilikuwa bubu. Hapo nikashtuka: kubebeka si uzito peke yake. Ni yale yote unayohitaji ukishafika.

Casio MT-40 ya 1981 ilikuwa na jibu. Vitufe vidogo 37, spika ndani, betri. Ukiiona utadhani ni ya mtoto. Ila mmoja wa midundo yake ulitungwa na Okuda Hiroko, mfanyakazi mpya wa kampuni aliyependa reggae. Mwaka wa 1985, kule Jamaica, Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakajenga "Under Mi Sleng Teng" juu ya mdundo huo, na reggae ikaingia enzi ya dijitali. Kumbe kadude kadogo kanaweza kubadilisha muziki wa nchi nzima.

Lakini aliyeniamulia ni jirani yetu, Hailu Mergia wa Ethiopia. Mwaka wa 1981 alienda Marekani na Walias Band, ziara ikaisha, yeye akabaki. Miaka mingi alikuwa dereva wa teksi Washington. Kwenye buti aliweka kinanda cha betri, na akisubiri wateja uwanja wa ndege, anakitoa anapiga. Hakuna jukwaa, hakuna anayemjua. Kaseti yake ya 1985 ilipotolewa upya mwaka wa 2013, dunia ikamtafuta, ikakuta vidole bado viko tayari.

Dukani muuzaji alinisifia kubwa yenye mamia ya sauti. Nikamuuliza, "Stima ikipotea, itaimba?" Akacheka. Nikatoa betri zangu mfukoni, nikajaribu ile ya vitufe 37, nikaondoka nayo.

Sitakudanganya, mikono yangu inagongana, na kuna nyimbo nimeziacha kabisa. Lakini mimi ni mtu wa kuacha vitu. Chuo ni ushahidi. Hii inaingia kwa begi, inakaa mapajani, inaimba jam ikishika Waiyaki Way. Nikiiacha pia, angalau sitasingizia stima.