Seva ya nyumbani Pwani Kusini: Tazama wati kabla ya kasi

FAMILIA nyingi za Kaunti ya Kwale zimeweka kumbukumbu zake zote ndani ya simu. Picha za arusi, sauti za wazee, nyimbo za taarabu zilizonakiliwa kutoka kaseti. Vyote vimo humo. Simu ikitumbukia majini pale Gazi au Vanga, au ikiibwa ndani ya matatu ya kwenda Likoni, kumbukumbu hizo huenda nayo.

Njia mojawapo ya kuepuka hasara hiyo ni seva ya nyumbani. Seva ni kompyuta isiyozimwa, inayohifadhi faili mahali pamoja na kuzigawa kwa simu, runinga na vipakatalishi vya nyumba nzima kupitia ruta. Ndani ya nyumba haihitaji intaneti. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024 na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, aliyekuwa na video zake kwenye diski ya nyumbani aliweza kuendelea kuzitazama.

Tatizo ni kwamba wengi wanaponunua mashine hii huuliza kwanza kasi yake. Kwa mkazi wa Diani, Ukunda au Msambweni, swali la kwanza lafaa kuwa: inakula wati ngapi?

Hesabu ya umeme

Bandu bandu humaliza gogo. Kompyuta kuukuu ya mezani inayotumia wati 60 haionekani kuwa na gharama kubwa. Lakini seva haizimwi. Wati 60 kwa saa 24, kwa siku 30, ni yuniti 43.2 za umeme kila mwezi. Mashine ndogo ya wati 10, pamoja na diski yake, hutumia yuniti 7.2 katika muda huo huo.

Tofauti hiyo ya yuniti 36 ina uzito zaidi kwa mwenye nyumba ya kipato kidogo. Katika viwango vya umeme vilivyoanza kutumika Kenya mwezi Aprili 2023, bei nafuu kabisa ilitengewa wateja wa nyumbani wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Kompyuta hiyo ya mezani, peke yake, bila taa wala jokofu, ingemtoa mteja katika daraja hilo.

Ya pili ni giza. Umeme ulipotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023 na tena Desemba 10 mwaka huo huo, mbali na katizo za kila mara za mitaani. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina takriban wati-saa 240. Ikiwa ni ya lithiamu, na baada ya kutoa kiasi kinachopotea njiani, inaweza kuendesha seva ya wati 10 na ruta ya wati 10 kwa muda wa saa 10 hivi. Kompyuta ya wati 60 na ruta hiyo hiyo zingeimaliza kwa saa tatu au pungufu. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, hivyo saa hizo hupungua. Paneli ya sola inayotosha mashine ndogo nayo huwa ndogo na nafuu.

Mashine za kuchagua

Kuna aina nne zinazopatikana kwa urahisi.

Ya kwanza ni Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Toleo la 4, lililotoka 2019, hutumia wati 3 hadi 7 hivi bila diski. Matoleo ya kabla yake yafaa kuepukwa, kwa kuwa hayana mlango wa USB 3 na mtandao wake wa waya ni wa polepole.

Ya pili ni kompyuta ndogo ya kisanduku yenye kichakataji cha Intel N100, kilichoingia sokoni mwaka 2023. Ikitulia hutumia wati 6 hadi 10 hivi. Mnunuzi asidanganyike na wati 6 zilizoandikwa kwenye maelezo. Hizo ni za kichakataji, si za mashine nzima.

Ya tatu ni kipakatalishi cha zamani. Hutumia wati 10 hadi 20 na kina betri yake ndani, ila betri hiyo ikianza kuvimba iondolewe mara moja.

Ya nne ni kisanduku maalumu cha kuhifadhia faili, mfano wa Synology au QNAP, chenye diski mbili. Ni rahisi kuendesha, lakini ni ghali na hutumia wati 15 hadi 30.

Uchaguzi kati ya hizo hutegemea video. Filamu ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua gigabaiti 2.25 kwa saa. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 400. Runinga tatu zikitazama pamoja huhitaji megabiti 15 tu, kazi nyepesi hata kwa Raspberry Pi. Ugumu huja runinga isipoelewa muundo wa video, na seva ikalazimika kuubadilisha papo hapo. Hapo Raspberry Pi hulemewa, ilhali N100 ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Mwenye runinga kuukuu za aina mbalimbali achukue N100. Programu ya Jellyfin, isiyolipiwa, hufanya kazi kwenye zote mbili.

Chumvi na joto

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na feni huivuta hadi ndani ya mashine, ikazusha kutu kwenye viunganishi. Karibu na ufuo, mashine isiyo na feni ndiyo bora. Iwekwe mbali na dirisha la upande wa bahari, mahali penye hewa, wala si juu ya kabati chini ya bati.

Umeme ukikatika ghafla huweza kuharibu faili. Kadi ndogo ya kumbukumbu ndiyo huathirika zaidi. Mfumo wa seva uwekwe kwenye diski ya SSD. Kabla ya kuunganisha betri, volti zilizoandikwa kwenye mashine zisomwe: Raspberry Pi hutaka volti 5, visanduku vingi hutaka 12 au 19. Kosa hapo huiunguza.

Nakala ya pili

Seva si akiba ikiwa ni nakala pekee. Hata diski mbili ndani ya kisanduku kimoja huibwa pamoja na kuungua pamoja. Picha na sauti za familia zinakiliwe kwenye diski nyingine inayokaa kwa jamaa, iwe Kinango au ng'ambo ya kivuko, na ibadilishwe kila baada ya miezi michache.

Mwenye nyumba ya kukodisha wageni akumbuke pia kuwa kuwaonyesha filamu za wengine ni jambo tofauti na kutazama na watoto wake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hudai idhini ya mwenye kazi.

Mwisho, kabla ya kufuta chochote kwenye simu, jaribio moja lifanywe. Seva izimwe, diski ya nakala ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na picha kadhaa zifunguliwe. Zikifunguka, nakala ipo kweli. Zisipofunguka, simu isiguswe kwanza.