Mahitaji ya kimsingi ya mgonjwa na wajibu wa muuguzi

Wengi hudhani kuwa mtu mwenye afya ni yule asiyeugua. Hata hivyo, katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, inaeleza kwamba afya ni hali ya kuwa timamu kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu.

Vivyo hivyo, ugonjwa hauishii kwenye kiungo kilichoathirika. Watu wawili wanaweza kuugua kisukari, mmoja akaendelea na kazi zake ilhali mwenzake anashindwa hata kujiosha. Maradhi ni yale yale, lakini msaada wanaouhitaji haulingani.

Virginia Henderson (1897-1996), muuguzi wa Marekani, alitaja mahitaji 14 ya kimsingi ya binadamu. Tisa yanahusu mwili: kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kujongea, kulala, kuvaa, kudumisha joto la mwili, usafi na kuepuka hatari. Yaliyosalia ni kuwasiliana na wengine, kuabudu, kufanya kazi, kujiburudisha na kujifunza.

Kwa mujibu wa Henderson, muuguzi humfanyia mgonjwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe lau angekuwa na nguvu, nia au maarifa. Lengo ni kumwezesha kujitegemea upesi iwezekanavyo, au kufariki kwa amani iwapo hakuna tumaini la kupona.

Chukua mfano wa mgonjwa wa kiharusi anayeuguzwa nyumbani. Dawa za shinikizo la damu haziwezi kumkinga dhidi ya vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo hutokea ngozi inapobanwa kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa kupita, hasa kwenye makalio, nyonga na visigino. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, aghalabu kila baada ya saa mbili, na ngozi yake kukaguliwa. Kwa kuwa wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, anayemuuguza apapase kutambua sehemu yenye joto, ugumu au maumivu.

Wakati wa kula, mgonjwa aketishwe wima ili chakula kisiingie mapafuni. Akipaliwa mara kwa mara, mhudumu wa afya aarifiwe bila kukawia.

Jamaa wengi, kwa huruma, humfanyia mgonjwa kila kitu. Ikiwa mkono mmoja ungali na nguvu, aachwe ashike kijiko mwenyewe, hata akichelewa kumaliza. Anayelishwa ilhali anaweza kujilisha hupoteza uwezo aliobaki nao.