Sheria iliyoishia mjini

Wadau, mnajua kuwa kuna ng'ombe wa Saudia waliokuzwa kwa majani yaliyolimwa jangwani Marekani? Kisa hiki kina historia yake.

Miaka ya 1980 Saudia ililima ngano kwa maji ya visima virefu, hadi ikawa inauza nje. Maji yale ni ya kale mno, mvua hairudishi kilichovutwa. Mwaka 2008 serikali ikaamua kuachana na ngano hiyo hatua kwa hatua hadi 2016. Majani ya mifugo nayo yakabanwa. Lakini ng'ombe lazima wale! Mwaka 2014 kampuni ya maziwa ya Almarai, kupitia tawi lake la Fondomonte, ikanunua karibu ekari 10,000 katika kaunti ya La Paz, jimboni Arizona, kwa dola milioni 47.5.

Kwa nini La Paz, mahali pakame vile? Jibu liko mwaka 1980. Arizona ilikuwa inataka mfereji wa kuleta maji ya mto Colorado hadi Phoenix na Tucson. Serikali kuu ikatishia: bila sheria ya visima, hakuna fedha za mfereji. Gavana Bruce Babbitt akasaini sheria. Ikayabana maeneo manne: Phoenix, Tucson, Prescott na Pinal. Sehemu kubwa ya vijijini ikaachwa vilevile. Huko unaandikisha kisima chako, kisha unavuta.

Tatizo ni kwamba chini ya ardhi hakuna uzio. Pampu kubwa ikivuta, maji ya jirani nayo yanashuka. Mwenye fedha anachimba zaidi, asiye nazo anabaki na shimo kavu.

Tusiwatupie Waarabu lawama zote. Wakulima wa Kimarekani nao wanavuta, tena kwa sheria ileile. Mwaka 2023 Gavana Katie Hobbs alisitisha ukodishaji wa ardhi ya jimbo kwa Fondomonte katika bonde la Butler. Desemba 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo, Kris Mayes, akaishtaki kampuni hiyo. Hiyo ni miaka 44 baada ya sheria!

Kwa hiyo ujuzi haukukosekana. Saudia walijua maji yanaisha, na Arizona walijua pia. Kila mmoja alilinda kwake, mzigo ukahamia kwa asiye na sauti. Ukisikia sheria nzuri ikisifiwa, ndugu yangu, uliza kwanza inaishia wapi, na nani anaishi ng'ambo ya mpaka huo.