Simba kwenye Mgongo wa Kijiko

Mpaka mwanzoni mwa mwaka 1995, mtu aliyenunua mali ya wizi katika soko la Bermondsey, kusini mwa London, aliweza kwenda nayo nyumbani kwa raha zake. Sheria kongwe ya Uingereza kuhusu masoko ya wazi ilimlinda: ukinunua kwa nia njema, katika soko linalotambulika, kati ya macheo na machweo, mali ni yako hata kama muuzaji aliiiba. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya jozi ya vinara vya thamani vilivyoibwa na kuuzwa sokoni hapo. Hakuna aliyemtuhumu mnunuzi kwa ulaghai. Kilichomponza ni kuwahi mno. Alinunua jua halijachomoza, na kwa sababu hiyo vinara vikarudi kwa mwenyewe.

Kuwahi ndiyo desturi ya wawindaji wa vyombo vya fedha wa nchi ile. Bermondsey alfajiri ya Ijumaa, magulio ya viwanja vya vijijini ambako watu huuza vyombo vyao kutoka kwenye buti za magari, maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani yanayopokea makabati mazima ya marehemu: kote huko utawakuta watu wenye tochi na lenzi ndogo ya sonara, wakigeuza vijiko kimoja kimoja. Nakshi hawaijali sana. Wanatafuta mgongo wa mpini, penye chapa nne au tano, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Muuzaji anaona bati lililofubaa. Wao wanasoma cheti.

Cheti hicho kilianza kuandikwa mwaka 1300. Mfalme Edward I aliagiza kwamba chombo cha fedha kisiwe duni kuliko sarafu ya nchi, yaani kiwe na sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, zinazobaki zikiwa hasa shaba ya kukipa ugumu. Kilichopita ukaguzi kilipigwa chapa ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila sonara akalazimika kuwa na alama yake mwenyewe, ili mlaghai ajulikane kwa kazi ya mkono wake. Lakini mkaguzi naye je? Chapa ikipigwa juu ya fedha hafifu, nani abebe lawama? Mwaka 1478 masonara wa London wakatakiwa kupeleka kazi zao kwenye jumba la chama chao, Goldsmiths' Hall, na chapa ya tatu ikaongezwa: herufi iliyobadilishwa kila mwaka, ili ijulikane nani alikuwa zamu. Ilitungwa kumbana ofisa. Baada ya zaidi ya miaka 500, herufi hiyohiyo ndiyo inayomwezesha mtu mwenye kitabu cha mfukoni cha alama kutaja mwaka wa kuzaliwa wa kijiko kilichotupwa katika sanduku la visu vya jikoni.

Ukaguzi wenyewe haukuwa mchezo. Mkaguzi alikwangua chembe za chombo, akazipima, akazifunga kwa risasi na kuziyeyusha ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Majivu yalifyonza risasi na shaba, kikabaki kitone cha fedha tupu, nacho kikapimwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyosema kweli, na chombo kilichoshindwa kilipondwapondwa.

Simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele juu, aliingia mwaka 1544. Wakati huo Henry VIII alikuwa akichanganya shaba kwenye sarafu bila haya, kwa hiyo kumwambia mnunuzi kwamba sahani yake ni sawa na pesa ya mfalme kulikuwa kama kumtukana. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba simba aliwekwa kushuhudia kuwa vyombo, tofauti na sarafu, vimebaki kwenye 925. Mfalme alithubutu kuchezea mishahara ya watu. Vijiko vya mabwana aliviacha.

Penye kodi pana ujanja. Kuanzia mwaka 1720 kila wakia ya chombo kipya ilitozwa peni sita. Baadhi ya masonara wakabuni njia: unatengeneza kisahani kidogo, unakilipia, unakata kipande chenye chapa, kisha unakichomelea kwenye kitako cha birika kubwa lisilolipiwa. Kwa muda katika karne ya 18, kughushi chapa kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Vyombo vyenye chapa za kuchomelewa bado vipo, na mnunuzi mzoefu hupuliza pumzi kwenye kitako cha birika. Ukungu ukitanda, mstari wa kuchomelea hujitokeza.

Nje ya London, ushindi mkubwa ulikuwa wa mwaka 1773. Matthew Boulton, mwenye kiwanda Birmingham, alichoka kusafirisha vyombo mpaka Chester vikaguliwe, akalisukuma Bunge mpaka Birmingham na Sheffield zikapata ofisi zao. Birmingham, mji ambao hauna hata bahari, ilichukua nanga kuwa chapa yake. Sheffield ilichukua taji, na tangu mwaka 1975 inatumia waridi.

Sheffield hiyohiyo ndiyo iliyowaletea wanunuzi wa magulio maumivu ya kichwa. Karibu mwaka 1743 Thomas Boulsover aligundua kwamba shaba na fedha vikibanwa na kupashwa moto hushikana, na hutandazwa pamoja kama bamba moja. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ikapata hataza ya kuchovya vyombo kwa umeme. Ukikuta herufi EPNS, hicho ni chombo cha kuchovya: chini ya ngozi ya fedha kuna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Watengenezaji wengi walizipanga herufi zao ndani ya ngao ndogondogo, nne kwa mstari, kwa makusudi ya kufananisha. Sehemu kubwa ya vitu vinavyong'aa kwenye meza za mitumba za Uingereza ni hivi.

Kwa fedha halisi, jina la mtengenezaji huweza kupandisha bei kuliko uzito. Hester Bateman alikuwa mjane. Mumewe John alifariki mwaka 1760, na mwaka uliofuata yeye akasajili alama yake, HB kwa mwandiko wa mkono, akaendesha karakana ya familia mpaka mwaka 1790. Vijiko vyake, mabirika yake na makoleo yake ya sukari vilikuwa vyombo vya watu wa hali ya kati, ndiyo sababu vinaweza kukutwa hata leo. Vingi vya fahari zaidi viliyeyushwa zamani. Mwaka 1643, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vyuo vya Oxford vilimpa Charles I vyombo vyao vikageuzwa sarafu za kuwalipa askari. Tena Januari 1980, ndugu wawili wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamelimbikiza fedha kwa wingi wa kutisha, wakia moja ilifika karibu dola 50, kutoka takriban dola 6 mwaka mmoja nyuma. Watu wakabeba vyombo vya babu zao hadi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Bei ilianguka Machi. Mabirika hayakurudi.

Wengi husahau kutazama vibakuli vya sarafu. Shilingi ya Uingereza ya kabla ya mwaka 1920 ni fedha ya 925 bila chapa ya ukaguzi. Kuanzia hapo ikashushwa hadi 500, na mwaka 1947 fedha ikaondolewa kabisa. Katika vibakuli hivyohivyo huchanganyika shilingi zetu za zamani za Afrika Mashariki, zile za mwaka 1921 hadi 1946 zenye simba mbele ya milima. Huyo simba asikudanganye: robo tu ya uzito wake ni fedha.